Kiti cha Plasta cha Mestre Amandio

Wiki iliyopita mjukuu wangu Samira aliniuliza swali, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu kwacho anaona uvivu. Alitaka kujua kama kazini nilikuwa bosi au mfanyakazi. Nikamwambia nilikuwa fundi plasta. Akasema hilo analijua, yeye anauliza nilikuwa upande gani. Nikalitafuta jibu, sikuliona, nikajifanya nakwenda kutazama kama maji ya chai yamechemka.

Sasa namjibu kwa maandishi, tena kwa Kiswahili, ili na nyinyi wenzake mnaosoma naye chuo cha ujenzi mpate kusoma. Mtakapokwama waulizeni mama zenu. Najua nyinyi mnajifunza kwa video za simu, ambako ukuta mzima unamalizika kabla mtu hajamaliza kula ndizi. Mimi nimepaka plasta mji huu wa London tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, Tottenham mpaka Tooting, na sijauona ukuta wa haraka namna hiyo. Ninaoukumbuka ni mmoja tu, na ulianguka.

Nianze na ndoo, maana kila kitu kwetu kilianza na ndoo.

Nilikuja hapa nikijiona najua. Kwetu Wete nilifanya kazi ya chokaa na mjomba wangu, na chokaa ni kitu kistahamilivu. Unaichanganya, unakwenda kuswali, unamsalimia jirani, unarudi unaikuta inakungoja. Plasta ya huku ni ya jasi, na jasi haimngoji mtu. Siku yangu ya kwanza nilichanganya ndoo pomoni, ili waone kuwa mikono ninayo. Kisha nikaanza kumweleza Mromania mmoja, Doru, jinsi tunavyochoma chokaa Pemba. Maelezo yalikuwa mazuri na Doru alisikiliza kwa adabu. Nilipogeuka, mwiko ulikuwa umesimama wenyewe katikati ya ndoo, haushikwi na mtu.

Aliyekuja kuutazama mwiko ule ni mkuu wetu, Mestre Amandio. Alikuwa Mreno wa makamo ya mjomba wangu, mfupi, na penseli haikumtoka sikioni. Hakunigombeza. Aliigeuza ndoo kifudifudi, akaipiga teke huku na huku, likatoka donge zima la plasta lenye umbo la ndoo. Akachukua penseli akaandika ubavuni "Camis", kwani Khamis ilimshinda mpaka mwisho. Saa ya chai wenzangu walikaa juu ya makreti, mimi nikaonyeshwa donge langu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Mestre. Ukigandisha ndoo, unakaa juu ya donge lako kila chai, mpaka siku utakapochanganya ndoo ambayo yeye ataipaka yote ukutani bila kuguna. Tena aliyekaa juu ya donge haruhusiwi kushika kigezo, nami nitawaeleza kigezo ni nini. Jasi inapoganda hutoa joto, kwa hiyo chai ya kwanza nilikaa raha mustarehe, nikadhani adhabu yenyewe ni nyepesi. Chai ya pili donge lilikuwa limeshapoa, na ilikuwa Januari. Nilijifunza haraka, na sehemu niliyojifunzia si kichwani.

Basi shikeni haya bila kulipia baridi. Maji yanatangulia, plasta inafuata. Maji yawe baridi, kwa sababu ya moto yanaigandisha upesi. Na ndoo ioshwe, maana vile vipande vya plasta ya jana vilivyong'ang'ania ukutani mwa ndoo huifundisha plasta mpya kuganda. Mestre angeweza kukusamehe kuchelewa, hata kumtukania timu yake ya mpira. Ndoo chafu hakuisamehe. Likumbukeni hili, litarudi.

Wiki za mwanzo nilidhani Mestre ni jina alilopewa na mama yake na kwamba kila mtu analitamka anavyoweza. Doru alimwita meshter. Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi ambaye mimi na yeye tulikuwa na Kiswahili chetu cha kusengenyea wengine, alimwita metre. Mkolombia mmoja tuliyekuwa naye majira ya baridi alimwita maestro. Ilunga ndiye aliyenifungua macho siku moja tukikwangua dari. Alikuwa amesomeshwa na mapadri, na Kilatini kidogo kilimbakia.

"Hii neno inatoka kwa Baroma ba zamani," aliniambia. "Inasema mutu mwenye kuzidi."

Nikamwuliza azidi nini. Akasema azidi kujua, na kwa sababu hiyo azidi kusikilizwa, vyote viwili kwa pamoja. Warumi walisema magister, kisha lugha zilizotoka kwao zikagawana neno hilo kila moja ikaenda na kipande chake. Mfaransa akampa mwalimu na wakili. Mwitaliano akampa anayeongoza wapiga muziki. Mhispania akampa mwalimu wa shule na mwashi pia. Mreno naye alilipakia merikebuni akalifikisha India, na ndiyo maana yule mzee wa duka la vifaa kule Tooting, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, alikuwa akiniita mistri, yaani fundi, kila nikienda kununua visu vya kukwangulia. Muda wote ule nilidhani ananikejeli, na nilikuwa nikimlipa kwa uso uliokunjwa. Ilinibidi niende kumsalimia upya.

Nililifikiria sana jambo hilo. Kwetu tumeyatenga: fundi ni fundi, mkubwa ni mkubwa, na ni nadra wawili hao kukutana ndani ya shati moja. Mkubwa anakuja na viatu safi, fundi anamwonyesha pa kukanyaga. Kwa Mestre Amandio walikutana. Kwenye makaratasi msimamizi wetu alikuwa Doru, kwani ndiye mwenye vyeti na Kiingereza kinachofika mwisho wa sentensi. Lakini meneja wa ujenzi, mwanamke kijana wa Kiingereza, alipokuja mara ya kwanza na kuuliza nani mkuu hapa, sote tulimtazama Mestre, na Doru alikuwa wa kwanza kutazama.

Mestre alikuwa akiigonga dari kwa kifundo cha kidole, hapa, pale, shingo kaipinda. Plasta iliyoshika hujibu kwa sauti fupi. Iliyoachia mbao zake hujibu kwa sauti pana, kama mlango wa chumba kitupu. Jifunzeni kugonga, video haigongi. Akimaliza kugonga husema "kesho", na ingawa ratiba ya meneja ilisema leo, kazi ilikuwa kesho. Meneja alilalamika mara mbili tatu. Baadaye akawa anamwuliza kwanza, ndipo anaandika ratiba.

Na neno lile hujiiti mwenyewe, unaitwa. Hilo nalo lilikuwa desturi. Yule Mkolombia alipofika asubuhi ya kwanza alijitambulisha, akasema yeye ni maestro. Mestre akampa mkono kwa heshima zote, halafu akampa ufagio. Alikuwa fundi kweli, na baadaye tulimpa haki yake, ila alifagia kwanza.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikose la kumjibu Samira.

Lile pambo linalozunguka chumba kwa juu, pale ukuta unapokutana na dari, siku hizi hununuliwa dukani likabandikwa. Sisi tulilivuta kwa mkono. Unakata kigezo cha bati kwa umbo la pambo, unakipigilia kwenye ubao, unarusha plasta pembeni, kisha unakiburuta kigezo kuifuata reli uliyoipigilia ukutani. Unarusha tena, unaburuta tena, na kila ukipita umbo linazidi kujitokeza. Mpito wa mwisho ni wa plasta laini kama uji, unakwenda moja kwa moja toka kona hadi kona. Husimami, hukohoi. Mkono ukitikisika, pambo linatoka na mawimbi. Asubuhi huyaoni. Jioni jua likiingia kwa ubavu kila mtu anayaona.

Mpito wa mwisho ulikuwa wa Mestre, na mkono wa Mestre ukaanza kutikisika.

Tulikiona kikombe kwanza, chai ikiruka juu ya ukingo. Ikafuata penseli. Kisha katika ukumbi mdogo wa nyumba moja ya zamani kaskazini mwa mji, jua la jioni likatuonyesha mawimbi. Doru alingoja Mestre atoke kuvuta sigara, akapanda akayasawazisha haraka haraka, mimi na Ilunga tukilinda mlango. Watu wazima wenye wake na watoto, tunalinda mlango. Na lililotuogopesha zaidi lilikuwa mbele. Sebule kubwa ya nyumba hiyohiyo ilikuwa bado, na meneja alikuwa ametuambia wazi: pambo la sebuleni likitoka zuri tutafanya vyumba vyote, likiharibika ataagiza la kubandika. Mwenye nyumba alikuwa ameomba aje siku ya sebule amwone mzee mwenyewe akivuta.

Nani amwambie? Doru alisema mtu mzima huambiwa. Ilunga alisema atakayefungua mdomo afungue na macho, atafute kazi pengine. Mimi nikajitia werevu. Nilimfuata Mestre nikamwomba aniachie mpito wa mwisho wa sebuleni, nipate kujifunza.

"Camis," alisema, "miaka yote hii unavuta na mimi. Unajifunza nini?"

Akaenda zake. Niliona aibu, kwa sababu alikuwa ameielewa huruma yangu na haikumpendeza. Na niliogopa. Mzee yule aliishi peke yake kule Stockwell, chumba kimoja na redio, na hata mwoka mikate wa mtaani alimwita Mestre. Sikujua kama ukimwondolea mkono wake kwenye kigezo atabakia na nini cha kuitwa. Nilimpenda, vijana wangu. Nilitamani nimlinde na sikujua namna.

Siku ikafika. Mwenye nyumba amekuja na koti lake zuri, meneja amesimama na simu tayari kupiga picha, reli imepigiliwa, mipito ya mwanzo tumeshaimaliza. Umebaki mpito wa mwisho. Mestre akatangaza kwamba plasta ya mwisho ataichanganya mwenyewe. Tukatazamana. Hiyo ilikuwa kazi yetu, yeye hakuwa amechanganya tangu enzi.

Akaenda pembeni akachagua ndoo, na aliyoichagua ilikuwa ile ambayo haijaoshwa, yenye maganda ya jana. Doru akamletea safi. Mestre akausukuma mkono wake kando, taratibu. Kisha akalichukua birika la chai, lililokuwa limetoka kuchemka, akamimina maji. Ilunga akanishika mkono. Mestre akakoroga, akaiweka ndoo chini, akamgeukia meneja, akaanza kumsimulia habari za dari za kanisa la kijijini kwao. Mtu ambaye maneno yake ya kutwa nzima yalienea kwenye kiganja alisimulia dari, akasimulia madirisha, akafika kwenye kengele. Meneja alisikiliza kwa adabu, kama Doru alivyonisikiliza mimi. Nyuma yao mwiko ulikuwa umesimama wenyewe.

Hatimaye aligeuka. Akauona mwiko, akajikuna kichwa. Akaigeuza ndoo kifudifudi, akaipiga teke huku na huku, donge likatoka. Akachukua penseli sikioni akaandika jina lake ubavuni, kwa herufi zilizokwenda mrama na kila mtu akaziona. Akalisukuma donge mpaka chini ya dirisha, akakaa.

"Sheria ni sheria," alisema. "Bado lina joto. Camis, vuta."

Ilunga alikuwa ameshaanza kuchanganya ndoo nyingine, maji baridi, ndoo safi, machozi yakimtoka na yeye akisingizia vumbi. Nikapanda jukwaani. Nikavuta toka kona hadi kona, bila kukohoa. Mwenye nyumba akapiga makofi. Meneja akapiga picha. Nami, nikiri, nikasimama kidogo pale juu nikiitazama kazi yangu.

Mestre alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, pale chini alipokaa.

"Kwangua," alisema.

Meneja akanitazama. Angeweza kusema la, nyumba ilikuwa mikononi mwake, na mzee alikuwa tu mtu aliyekaa juu ya donge na mkono unaotetema gotini. Nami ningeweza kubisha. Nilitazama tena pambo langu, na hata leo naapa sikuona kasoro. Nikachukua kisu nikakwangua, Doru akanisaidia. Meneja akairudisha simu mfukoni.

Mara ya pili nilivuta nikiwa sina habari na makofi. Nilisikia bati tu likinong'ona kwenye reli, kasi ileile mwanzo mpaka mwisho. Niliposhuka, Mestre aliinuka, akaenda dirishani, akalitazama pambo kwa ubavu urefu wake wote. Akarudi akakaa, akaomba chai. Ilunga akampa kikombe nusu, kisimwagike. Nilipotoka nje kupumua ndipo nikaelewa kwamba pambo la kwanza lilikuwa na haraka ndani yake, na yeye aliisikia kabla hajaiona.

Vyumba vyote tulivifanya sisi. Mestre aliendelea kuja kila siku, mwaka huo na uliofuata, na kila mahali tulipohamia tulilibeba donge lake kwenye gari. Hakuchanganya ndoo nyingine tena, kwa hiyo kwa sheria yake mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuinuka. Alikaa, akagonga alipoletewa cha kugonga, akasema kesho, akasema kwangua. Tulimwita vilevile, kila mtu kwa ulimi wake. Sijaona siku ambayo alisikilizwa kidogo zaidi kwa kuwa hakushika kigezo.

Mimi na Doru tunabishana mpaka leo. Yeye anashikilia kwamba mzee alisahau tu, uzee ulimwingia, tusimtie ujanja asiokuwa nao. Mimi namwuliza, na birika je? Hapo hubadilisha mazungumzo. Kwa maoni yangu Mestre alituona tukilinda mlango. Aliona kwamba hatukuwa na maneno ya kumwambia, akatuondolea kazi ya kuyatafuta. Sheria ya donge aliitunga yeye, na siku ile alikwenda akaingia ndani yake kwa miguu yake.

Alipostaafu akarudi kwao Ureno, donge halikupandishwa ndege. Nililichukua mimi. Nililivuta kwenye kigari cha sokoni cha bibi yenu, kwa basi, na gurudumu likang'oka pale Kilburn High Road mbele ya watu. Bibi yenu hakunisemesha kutwa nzima. Kisha akaliweka barazani na kupandisha chungu cha mrehani juu yake, likawa na faida, tukasameheana.

Mkitaka kujua kama neno lile liliwahi kunifikia mimi, lilinifikia. Miaka kadhaa baadaye Doru aliniita kwenye jengo moja Tottenham nikasikilize dari. Nilipoingia akasema, "Meshter, hapa." Nikageuka nyuma kumtafuta Mestre Amandio. Doru hakucheka. Alinipa ngazi.

Kwa hiyo Samira, hilo ndilo jibu langu. Umeniuliza upande gani, na mimi nilifanya kazi chini ya mtu ambaye kwake bosi na fundi walikuwa upande mmoja tu.

Mwezi uliopita nilikuwa nakunywa chai nikaona kikombe kinaruka. Nilidhani hakuna aliyeona. Samira aliona. Alikuja akakishika upande wa pili, kama anayetaka kukipeleka jikoni, akaniuliza habari za mpira, na yeye mpira haujui. Nikakumbuka tulivyokuwa tukilinda mlango.

Jana nimekiteremsha chungu cha mrehani kutoka juu ya donge. Jumamosi mkija kufanya mazoezi, njooni na ndoo iliyooshwa na maji ya bombani. Mtanikuta nimeshakaa. Samira, kigezo utashika wewe, na nikisema kwangua, usinijibu kwa Kiingereza. Kwangua.